Jiko Dogo la Gesi la Kambini: Kopo Kwanza, Jiko Baadaye

Anayetafuta jiko dogo la gesi la kupigia kambi, awe Dar es Salaam, Arusha au Nairobi, hakosi washauri. Wa kwanza humwambia abebe mtungi wa kilo 6 na bana yake, maana gesi ya mtungi ipo hata kwa Mangi, mwenye duka wa mtaani. Wa pili humsifia lile jiko bapa la kopo refu linalouzwa ndani ya kisanduku cha plastiki. Wa tatu, ambaye huenda ametazama video nyingi za wapanda milima wa Ulaya na Marekani, haoni maana ya jiko lolote linalozidi uzito wa simu ya mkononi. Kila mmoja husema kwa yakini, na kila mmoja ana sehemu yake ya ukweli, hivyo mnunuzi huondoka akiwa na maswali mengi kuliko aliyokwenda nayo.

Mkanganyiko huu unatokana na swali lenyewe kuulizwa kinyumenyume. Watu hulinganisha majiko: lipi jepesi, lipi lina moto mkali, lipi bei yake haitishi. Jiko hununuliwa mara moja na linaweza kudumu miaka, lakini gesi hununuliwa kila safari. Swali linalopaswa kutangulia ni la gesi: inapatikana wapi, ni ya aina gani, na chombo chake kina valvu inayokubali bana ipi. Likishajibiwa hilo, nusu ya majiko yaliyo dukani hujiondoa yenyewe kwenye orodha.

Kwa nini gesi, na kwa nini sasa

Kizazi kilichotangulia kilipikia kambini kwa kuni, au kwa jiko la pampu la mafuta ya taa. Primus, lililoanza kutengenezwa Sweden mwaka 1892, lilienea kiasi kwamba jina lake likawa jina la majiko yote ya namna hiyo. Njia hizo mbili zimebanwa, kila moja kwa sababu zake.

Kuni zimebanwa na uhifadhi. Kuokota kuni ndani ya hifadhi za taifa ni marufuku, na Kilimanjaro hairuhusiwi kabisa kupikia moto wa kuni. Moto ulioteketeza takriban kilomita za mraba 95 za mlima huo Oktoba 2020 ulianzia eneo la Whona, na TANAPA, shirika la hifadhi za taifa la Tanzania, ilieleza kuwa chanzo chake kilikuwa wapagazi waliokuwa wakipasha chakula. Oktoba 2022 mlima uliwaka tena, safari hii karibu na kambi ya Karanga. Baada ya mambo hayo, anayesema "tutaokota vijiti hukohuko" anapanga safari ya kukamatwa na askari wa hifadhi.

Mafuta ya taa yamebanwa na kodi. Tanzania iliyapandishia kodi kwa kiasi kikubwa mwaka 2011 ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli, na Kenya ikafuata mwaka 2018 kwa tozo ya shilingi 18 kwa lita kwa sababu hiyohiyo. Unafuu uliokuwa sifa kuu ya mafuta ya taa ukayeyuka. Wakati huohuo gesi ya mitungi imesukumwa mbele na serikali: mkakati wa Tanzania wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unalenga asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, na mitungi ya kilo 6 imegawiwa kwa ruzuku katika mikoa mingi.

Kuna jambo hapa ambalo washauri wengi hulipita. Mtandao huu wote wa gesi, yaani malori, mawakala, maduka na mitungi, umejengwa kwa ajili ya jikoni mwa nyumba. Mpiga kambi hakufikiriwa. Makopo madogo ya safarini huletwa na wafanyabiashara wachache kutoka nje na kuuzwa katika miji michache, na ughali wake na kuadimika kwake vinatoka hapo.

Vyombo vitatu visivyoingiliana

Sokoni kuna vyombo vitatu vya gesi vinavyomhusu mtu wa kambi, na bana ya kimoja haiingii kwenye kingine bila kiunganishi.

Cha kwanza ni mtungi wa kilo 6, ambao kwenye valvu yake hukazwa bana moja kwa moja. Wakenya wengi huuita meko. Ndani mna mchanganyiko wa propani na butani. Mtungi mtupu peke yake una uzito unaokaribiana na wa gesi iliyomo au kuuzidi, hivyo ukijaa hufika kilo 12 au 13.

Cha pili ni kopo refu jembamba, linalofanana na kopo la dawa ya kuua mbu, lenye gramu 220 hadi 250 za gesi ambayo kwa kawaida ni butani. Hulazwa ubavuni mwa jiko bapa na kubanwa kwa kitufe. Jiko la namna hii ni la Kijapani kwa asili. Kampuni ya Iwatani ilianza kuliuza mwaka 1969 kwa ajili ya kupikia mezani, na ndiyo maana ni bapa, pana na limetulia. Hapa tutaliita jiko la kisanduku.

Cha tatu ni kopo fupi nene lenye hesi kichwani, la gramu 100, 230 au 450 hivi. Bana hukazwa juu yake kama taa inavyokazwa kwenye soketi. Gesi yake huwa ni mchanganyiko wa isobutani, butani na propani, na hesi yake ni ya kipimo kimoja duniani kote, kwa hiyo bana ya kampuni moja hukaa juu ya kopo la kampuni nyingine. Hilo ndilo jiko linaloonekana kwenye video za wapanda milima.

Yapo makopo mengine mawili yanayochanganya zaidi. Kampuni ya Campingaz ya Ufaransa ina valvu yake ya kubofya ambayo haiingiliani na kopo la hesi. Lipo pia kopo la kutoboa, ambalo likishafungwa kwenye jiko halipaswi kutolewa mpaka gesi iishe. Majiko yanayotumia hayo huletwa mara nyingine na wageni au kuuzwa kama mitumba kwa bei ya kuvutia. Bei hiyo inavutia kwa sababu: gesi yake ni ya kutafuta kwa tochi.

Ununuzi wa mtandaoni umeongeza utata. Makopo ya gesi hayaruhusiwi ndani ya ndege za abiria, si mkononi wala kwenye begi la kupakia, na wasafirishaji wa vifurushi vya anga hawayapokei kiholela. Matokeo yake, jiko lililoagizwa China hufika peke yake likiwa zuri na linang'aa, na mwenyewe huanza hapo kuuliza gesi yake inauzwa wapi. Mtalii anayetua uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) na bana yake ya gramu 73 hukumbana na swali hilohilo.

Utetezi wa mtungi

Wanaoutetea mtungi wa kilo 6 wana hoja ambayo wapenzi wa vifaa vyepesi huidharau bila kuipima. Gesi yake ipo karibu kila mji wa barabara kuu, kwa utaratibu unaojulikana: unarudisha mtupu, unapewa uliojaa. Kaya nyingi tayari zinao mtungi na bana, kwa hiyo gharama ya kuanza kupiga kambi, kwa upande wa jiko, ni sifuri. Kwa familia inayokwenda na gari Mikumi au Naivasha kwa usiku mmoja, kununua jiko lingine ni kutafuta matumizi.

Udhaifu wake nao uko wazi. Uzito unaufanya usifae popote pasipofika gari. Bana ikikaa juu ya mtungi, sufuria hukaa juu zaidi, na mtungi uliosimama kwenye nyasi au mchanga hauna msingi wa kuaminika. Tiba ipo na ni rahisi: tumia mpira wa gesi na rigaleta inayofaa, uweke jiko chini na mtungi kando. Lakini hapo tayari umebeba vitu vitatu, na neno "dogo" limepoteza maana yake.

Utetezi wa jiko la kisanduku

Hili ndilo jiko ambalo bei yake ya kununulia huwa ya chini kuliko yote yenye moto wa kutosha kupikia watu wanne. Uzito wake ni kati ya kilo moja na mbili. Hukaa chini, limetulia, lina kiwashio chake, na moto wake hurekebishwa vizuri hadi wa kuchemshia wali polepole. Makopo yake huuzwa kwenye supamaketi na maduka ya vyombo vya jikoni mijini, na kwa gramu moja ya gesi ni nafuu kuliko kopo la hesi.

Udhaifu wake wa kwanza ni upepo. Moto uko wazi, na kikinga upepo kinachokuja na majiko mengi hakizidi urembo. Wa pili ni baridi, ambayo tutaijadili peke yake. Wa tatu hausemwi vya kutosha: kopo limelala sentimita chache tu kutoka kwenye moto. Ukiweka sufuria pana kuliko jiko, au bamba la kuchomea nyama linalofunika hadi upande wa kopo, joto hurudi kwenye kopo na shinikizo hupanda. Majiko mazuri yana kifaa kinacholisukuma kopo nje ya valvu shinikizo likizidi, na moto ukazimika. Ya bei ya kutupa huenda yasiwe nacho, au yawe nacho cha jina tu. Hapa ndipo "nafuu" na "rahisi" hutengana njia, na ndipo inafaa kuongeza fedha kidogo.

Kopo refu lina alama ya pengo kwenye shingo yake. Pengo hilo linapaswa kutazama juu likiwa ndani ya jiko, kwa sababu ndani ya kopo kuna mrija uliopinda unaovuta mvuke kutoka juu ya kimiminika. Likiwekwa vibaya, gesi hutoka ikiwa bado kimiminika na moto huruka. Viunganishi vya bei ndogo vinavyoliwezesha kopo refu kufungwa kwenye bana ya hesi vinafanya kazi kwa masharti hayohayo: kopo lilazwe, pengo likiwa juu. Kulisimamisha wima kwa kichwa chini ni kosa la hatari.

Utetezi wa bana ya mkobani

Bana ya hesi inasifika kwa uzito. MSR PocketRocket 2 ina gramu 73. BRS-3000T, ndogo kuliko kiganja cha mtoto, ina gramu 25 hivi. Pamoja na kopo la gramu 230, ambalo likijaa lina uzito wa takriban gramu 380 na bati lake, mtu anabeba jiko na gesi ya siku kadhaa kwa chini ya nusu kilo. Kwa anayejibebea kila kitu mgongoni kuvuka Aberdare au kupanda Mlima Kenya kwa njia ya Chogoria, mtungi haulinganishwi nalo kabisa.

Bei ya bana zenyewe imeshuka sana tangu viwanda vya China viingie. Kilichobaki ghali ni kopo. Hupatikana kwa uhakika zaidi Nairobi katika maduka ya vifaa vya michezo na safari; Arusha na Moshi ni kwa kubahatisha, na ukitoka nje ya miji hiyo usilitegemee. Kuna pia aina iliyoungana na chombo chake cha kuchemshia. Hiyo huchemsha maji haraka na kuhimili upepo, lakini ni ghali na haipiki chakula cha maana, kwa hiyo haitatushughulisha.

Mtihani wa ugali

Ushauri mwingi tunaosoma umetoka kwa watu wanaokula kambini vyakula vya pakiti. Wao huchemsha maji nusu lita, humimina kwenye mfuko, husubiri dakika kumi. Kwao jiko ni birika la maji ya moto, na bana ya gramu 25 inawatosha kwa hilo.

Kambi ya kwetu huwa na watu wanne, sita, pengine kumi, sufuria moja kubwa, na chakula kinachosongwa. Ugali una matatu yanayoishinda bana ndogo. Sufuria yake ni nzito na pana, wakati mikono inayoshikilia sufuria juu ya bana hizo ni myembamba na imetengenezewa kikombe. Kusonga ni kusukuma kwa nguvu kwenda pembeni, na jiko refu lililosimama juu ya kopo lenye kitako cha sentimita 11 hivi halikubuniwa kwa nguvu hizo. Kisha moto wake umekusanyika katikati kama ncha, hivyo unga huungua mahali pamoja huku kingoni ukiwa mbichi.

Wali una nafuu kidogo. Maharage makavu ni suala la hesabu: moto mdogo wa kilowati 1 hula takriban gramu 80 za gesi kwa saa. Saa mbili za maharage ni gramu 160, yaani zaidi ya theluthi mbili za kopo la gramu 230. Kwenye mtungi wa kilo 6 kiasi hicho hakisikiki. Anayependa maharage na anataka bana ndogo ayachemshe nyumbani kabla ya safari.

Kwa hiyo sifa ya jiko haiwezi kutenganishwa na sufuria. Kundi linalosonga ugali linahitaji jiko bapa au mtungi wenye mpira, hata kama safari ni ya miguu na inabidi kupokezana mzigo. Mtu mmoja au wawili wanaoridhika na chai, tambi na uji wana uhuru wa kwenda na chepesi.

Baridi na mwinuko

Mjadala wa gesi na baridi ndio uliojaa nusu ukweli kuliko yote. Jiko huwaka kwa sababu kimiminika kilicho ndani ya kopo hugeuka mvuke. Butani ya kawaida huchemka kwenye nyuzi joto takriban -0.5, isobutani kwenye -12 hivi, na propani kwenye -42. Kopo likifikia baridi ya kiwango chake, shinikizo la ndani hulingana na la nje, na gesi haitoki tena hata kopo likiwa limejaa.

Kutokana na hayo watu huhitimisha kwamba butani haifai kabisa mlimani. Si kabisa. Ukipanda juu, shinikizo la hewa ya nje nalo hupungua, kwa hiyo butani huhitaji baridi kali zaidi ili igome. Kwenye mwinuko wa Kibo Hut, Kilimanjaro, takriban mita 4,700, kiwango cha kuchemka kwa butani hushuka hadi karibu nyuzi -15. Mtetezi wa jiko la kisanduku anaweza kuishika hesabu hiyo na kushangilia.

Asishangilie sana. Gesi inapogeuka mvuke hunyonya joto kutoka kwenye kimiminika kilichobaki, na kopo hujipoza lenyewe; wakati mwingine huota umande au barafu ya nje hata katika usiku wa baridi ya kawaida. Kopo dogo lina joto dogo la akiba, hivyo hupoa haraka. Asubuhi ya nyuzi -5, jiko la butani linaweza kuwaka vizuri dakika za kwanza kisha moto ukafifia kabla maji hayajachemka. Kulilaza kopo ndani ya mfuko wa kulalia usiku kucha ni tiba inayosaidia, kama vile kuliweka kwenye sahani yenye maji ya uvuguvugu. Maji ya moto sana yasitumike.

Mchanganyiko wenye propani ni bora kwa baridi, ila nao una siri yake. Propani hutoka kwanza. Kopo au mtungi unaokaribia kuisha huwa umebakiwa zaidi na butani, hivyo nusu ya mwisho ni dhaifu kuliko ya kwanza. Mwenye makopo mawili mlimani, moja limejaa na jingine nusu, atumie lililojaa alfajiri ya kwenda kileleni na la nusu kambi za chini.

Jambo la mwinuko ambalo jiko lolote haliliwezi ni joto la maji yenyewe. Kwenye mita 4,700 maji huchemka yakiwa na nyuzi 84 hivi. Moto ukiwa mkali kiasi gani, maji hayapandi zaidi ya hapo. Mvuke tu ndio huongezeka, na gesi hupotea. Nyama na maharage havitaiva kwa kuongeza moto. Jiko la pili lenye nguvu zaidi lisinunuliwe kwa tatizo hilo: badilisha chakula, au beba sufuria ya presha.

Hesabu ya gharama

Kilo moja ya gesi ina nishati ya takriban megajuli 46. Kuchemsha lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 kunahitaji, kwa nadharia, gramu 7 na kitu. Kwa kuwa nusu ya joto hivi hupotea kando ya sufuria, hesabu ya kutegemewa ni gramu 15 kwa lita mahali pasipo upepo. Kopo la gramu 230 basi ni lita 15 za maji. Mtungi wa kilo 6 ni lita 400. Upepo ukiingia, takwimu hizi hazina maana tena, na kifuniko cha sufuria pamoja na kikinga upepo huokoa fedha nyingi kuliko tofauti ya ubora kati ya jiko na jiko.

Kulinganisha bei, mnunuzi agawanye bei ya kopo kwa gramu zilizomo. Kopo la gramu 230 likiuzwa kwa bei ya kilo moja ya gesi ya mtungi, gesi yake ni ghali mara nne na zaidi. Watu wanne kwa siku mbili, wakinywa chai asubuhi na jioni na kupika mara tatu, wanaweza kutumia gramu 400 hivi. Hayo ni makopo marefu mawili, au sehemu ndogo ya mtungi. Kwa safari moja au mbili kwa mwaka, gharama ya makopo haistahili kelele. Kwa kikundi cha skauti au wanafunzi wanaotoka kila mwezi, kopo ndilo litakaloamua kama safari zitaendelea.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayoleta kishawishi cha kujaza upya makopo kutoka kwenye mtungi. Vifaa vyake vinauzwa, na wapo wanaojisifu kwa akiba waliyopata. Hoja yao ya fedha ni sahihi. Hoja ya pili hawaisemi: kopo refu limetengenezwa kwa butani, ambayo kwenye nyuzi 50 ina shinikizo la takriban bar 5. Propani kwenye joto hilohilo ni bar 17. Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa hizo mbili, kwa kiwango ambacho anayejaza hakijui, na bati la kopo ni jembamba. Ongeza buti la gari lililoachwa juani Dodoma saa nane mchana, na kopo lililojazwa bila kuacha nafasi ya kimiminika kutanuka. Mlipuko wa Embakasi, Nairobi, wa Februari 2024, ulitoka kwenye kituo kikubwa cha gesi ambacho EPRA, mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya, ilisema ilikuwa imekataa maombi yake ya kibali. Kopo halilingani na kituo kwa ukubwa, lakini utaratibu wa kujaza gesi una sheria zake kwa sababu zilezile.

Hatari isiyotegemea aina ya jiko

Hapa hakuna pande mbili. Majiko yote matatu hutoa kaboni monoksaidi yanapowaka mahali pasipo hewa, na gesi hiyo haina rangi wala harufu. Kupikia ndani ya hema lililofungwa, au kuliacha jiko likiwaka ili liongeze joto usiku, kunaua watu wakiwa usingizini. Gesi isiyowaka nayo ni nzito kuliko hewa, butani kwa karibu mara mbili, kwa hiyo ikivuja hukusanyika sakafuni mwa hema, mahali pa kulala. Povu la sabuni kwenye maungio linatosha kuonyesha uvujaji. Kiberiti si kifaa cha kupimia.

Kikinga upepo kisiizunguke bana ya hesi pande zote. Kinachokinga moto hurudisha joto kwenye kopo lililo chini yake.

Kuzipima hoja

Sifa ya wepesi, inayotawala ushauri wa mtandaoni, ina uzito kwa watu wachache sana hapa kwetu. Hata Kilimanjaro, ambako haipandwi bila mwongozaji mwenye leseni, jiko la msafara ni mzigo wa mpishi na wapagazi, na wengi wao wanapanda na mtungi. Sababu za chaguo lao ni zile tulizoziona: gesi inapatikana Moshi kila siku, propani iliyomo huvumilia baridi, na sufuria ni za watu wengi. Wapagazi wana ukomo wa mzigo wa kilo 20, na mtungi unaingia humo. Waliotumia jiko mlimani siku nyingi kuliko sisi sote hawakuchagua jepesi.

Kwa mwenye gari, mtungi wa nyumbani unashinda, mradi anunue mpira na jiko la chini. Asiye na mtungi, au anayekwenda kwa pikipiki na basi, anafaa zaidi kwa jiko la kisanduku. Kwa maoni ya mwandishi hili ndilo jibu la wapiga kambi wengi wa maeneo yaliyo chini ya mita 3,000: Usambara, fukwe za Bagamoyo na Diani, Longonot. Alinunue lenye kifaa cha usalama cha shinikizo na alama ya ubora ya TBS (Tanzania) au KEBS (Kenya). Bana ya hesi ni ya anayejibebea mwenyewe juu ya mita 3,000, anayepika kidogo, na aliye na njia ya uhakika ya kupata makopo Nairobi au Arusha kabla ya safari. Akikosa uhakika huo, ajaribu kwanza kiunganishi cha kopo refu nyumbani mchana kweupe, na asikifungue kwa mara ya kwanza akiwa Shipton's Camp ya Mlima Kenya, mita 4,200, baada ya giza kuingia.

Lipo kundi moja ambalo haya hayalifai vizuri: kikundi cha watu sita au zaidi wanaotembea kwa miguu milima ya kati na wanataka ugali. Mtungi wa kilo 3, unapopatikana, ungewafaa, lakini haupatikani kirahisi kama wa kilo 6. Kwa sasa wanalazimika kubeba majiko mawili ya kisanduku na kugawana makopo. Ni mzigo, na kila kopo tupu linapaswa kurudi nao mjini. Wakishapanga bajeti yao, wahesabu kopo moja la ziada kwa ajili ya upepo.